Simu ya Mama Ishikwe na Nani?

BINTI: Mama, nitasema wazi mbele ya baba mdogo na mbele ya huyu kijana wa M-Pesa. Nataka laini yako isajiliwe kwa jina langu, na namba ya siri niwe nayo mimi. Nilikutumia elfu mbili za dawa ya presha, dawa haikununuliwa. Nikadhani umempa mtu. Kumbe pesa ilipoingia tu ilimezwa na Fuliza, deni la M-Pesa ambalo hukulikopa wewe. Wakora walibeba bonasi ya chai, wakabeba elfu nne za Inua Jamii, ile posho ya serikali kwa wazee, na kwa kuwa hazikuwatosha wakakopa kwa jina lako. Haya nimeyajua kwa sababu ya dawa. Hukuniambia.

MAMA: Sikukuambia kwa sababu nilijua ukijua tutakaa hivi tulivyokaa.

BINTI: Na tusikae?

MAMA: Tukae, lakini usikie kwanza ilivyokuwa, maana unavyosimulia wewe ni kama mtu alinikuta nimelala. Alinipigia mwanamume, akasema yeye ndiye mwalimu wa zamu. Alitaja mjukuu wangu kwa jina, akataja na kidato. Akasema mtoto ameanguka kwenye ngazi, anatoka damu puani, yuko hospitali, na daktari hawezi kumpiga picha ya kichwa kabla malipo hayajaingia. Nyuma ya sauti yake nilisikia mtoto analia. Nilikuwa nimetoka kuchuma chai, nina gambuti miguuni na kikapu mgongoni. Kikapu nilikiacha kando ya barabara, gambuti sikuvua, nikaenda hadi sokoni Nyaramba vile vile. Sasa niambie, bibi gani angeketi chini aanze kuuliza maswali?

BINTI: Bibi ambaye angenipigia mimi kwanza.

MAMA: Alisema nisikate simu.

EJENTI WA M-PESA: Hapo ndipo wanapomshikia mtu. Kila msimu wa bonasi nayaona. Mtu aliyekuja kutuma pesa yake kwa hiari hukata simu, husalimia, huuliza makato ni ngapi, hata hulalamika kwamba yamepanda. Huyu anayetapeliwa anaingia dukani simu iko sikioni, anakuonyesha kwa kidole, namba ameiandika kwenye kiganja. Hawezi kukusalimu kwa sababu yule wa upande wa pili hajampa nafasi ya kuvuta pumzi.

BINTI: Na ulipoyaona hayo ulifanya nini? Si uliiweka pesa kwenye namba ya mkora kwa mkono wako?

EJENTI: Dada, ilikuwa siku ya soko na foleni imetoka nje ya mlango. Nilimuuliza Mama pesa ni ya nani, akanijibu ni ya mtoto aliye hospitali. Ningeshika mkono wake? Ingekuwa ni kweli na mtoto akapata madhara, leo ungekuja kunishtaki kwa kumchelewesha.

BINTI: Ungemwambia akate simu.

EJENTI: Siku hizi nawaambia. Wengine wanakataa.

MAMA: Hiyo ya kwanza ilikuwa elfu kumi na mbili. Iliyonimaliza ni ya pili. Jioni alinipigia msichana mwenye sauti ya adabu. Akasema, Mama, tumeona umetapeliwa, tunataka kukurudishia pesa zako. Akaomba namba ya kitambulisho, akaomba mwaka wa kuzaliwa, mwishowe akaomba namba ya siri ili pesa ipate njia ya kurudi. Nilimpa. Nilikuwa nimelia tangu mchana, na yeye ndiye mtu wa kwanza aliyesema nami kwa upole. Simu ikapoteza mtandao. Nilipokwenda kurudishiwa laini, hakukuwa na kitu.

BINTI: Mara mbili, siku moja. Mnanielewa sasa? Siombi namba ya siri kwa kumdharau mama yangu. Mzee akitaka kuuza shamba la kilimo nchi hii, hata kama hati ina jina lake peke yake, lazima apite mbele ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na mke na watoto huitwa waseme kama wamekubali. Sijamsikia mtu akisema mzee huyo amevuliwa heshima. Tunajua akidanganywa akauza, watakaolala nje ni wengi. Basi kama shamba lina wa kulilinda, kwa nini pesa iliyotoka katika shamba hilo hilo ikae peke yake ndani ya simu ya kabambe?

MWALIMU MSTAAFU: Mwanangu, unazungumza kana kwamba kutapeliwa ni ugonjwa wa uzee. Mimi nilitapeliwa nikiwa na nguvu zangu, nafundisha hesabu, nawafundisha watoto wa watu riba ubaoni. Ilikuwa 2006. Ile biashara ya kupanda mbegu ya pesa ilikuwa imeenea nchi nzima. Weka elfu kumi, ulete wenzako, uvune mara tatu. Nilichukua mkopo kwa Sacco ya walimu nikaupeleka huko wote. Serikali ilipounda jopo chini ya Francis Nyenze kuchunguza mambo hayo, ikaonekana Wakenya walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Walikuwamo wachungaji, wauguzi, makarani wa benki. Nani alikuja kuninyang'anya mshahara akasema atanitunzia?

BINTI: Hakuna, baba mdogo. Lakini wewe ulikuwa na mshahara wa mwezi uliofuata, na wa mwaka uliofuata. Mkopo uliulipa ukaisha. Mama amepita miaka 70. Chai ya kulipia kilichokwenda ni chai ambayo mgongo wake hauwezi tena kuichuma. Kijana akianguka huinuka. Hilo ndilo linalonitia hofu mimi, wala si habari ya nani amesoma na nani hakusoma.

MWALIMU: Hilo nakubali. Ni kweli hana muda wa kurudisha.

MAMA: Mimi sikubali haraka hivyo, shemeji. Binti yangu, yule ng'ombe wa maziwa aliyekuwa zizini alikwenda wapi?

BINTI: Aliuzwa.

MAMA: Aliuzwa kwa nini?

BINTI: Kaka alikuwa ameahidiwa kazi ya jeshi.

MAMA: Ameahidiwa na mtu aliyekutana naye mjini, aliyejiita afisa, akamletea barua yenye nembo na muhuri. Kaka yako ana cheti cha kidato cha nne, anasoma Kiingereza, ana simu kubwa ya kugusa. Redio ilikuwa inatangaza kila siku kwamba kuandikishwa jeshini hakulipiwi. Mimi nilimwambia hilo. Akasema nimezeeka, mambo siku hizi hayaendi hivyo. Ng'ombe akaondoka, barua ikawa ya uongo. Kikao cha kuchukua simu ya kaka yako kilifanyika lini?

BINTI: Hakikufanyika.

MAMA: Basi.

BINTI: Mama, hiyo ni haki yako kuisema na sina jibu lake. Lakini turudi kwa hesabu. Bonasi ya upande wetu huu mnajua ilivyo. Wenzetu wa Mlima Kenya wanalipwa kilo kwa bei ambayo Nyamira tunaisikia tu redioni. Hicho kidogo kikiibwa, karo nalipa mimi. Dawa nanunua mimi. Deni la Fuliza nimelilipa mimi, na kodi ya nyumba Nairobi haijui kwamba mama yangu ametapeliwa. Mnasema nimwachie uhuru wake. Uhuru huo unalipiwa na nani?

MAMA: Na shule uliyosoma ililipiwa na nani?

BINTI: Sikusahau.

MAMA: Sikusema umesahau. Nasema pesa ya chai hii imewahi kuvuka kutoka kwangu kuja kwako, na siku hizo sikukuomba namba yoyote.

EJENTI: Niseme jambo moja kabla hamjafika mbali. Dada, chukulia Mama amekupa namba ya siri leo. Kesho akipigiwa na mtu anayeomba namba hiyo, atakuwa anajua nini? Atakuwa anajua kwamba namba ya siri ina watu wanaopewa, ila wawe watu wema. Na mkora hajawahi kupiga simu akajitambulisha kuwa mkora. Anakuja kama mwalimu, kama daktari, kama msichana wa huduma kwa wateja. Atakuja hata kama wewe. Atasema, Mama, ni mimi, nimepoteza simu, natumia ya rafiki, nikumbushe ile namba. Kinga ya namba ya siri ni kwamba haina mtu wa kupewa hata mmoja. Ukishatoboa hapo hata kwa mapenzi, umemwachia tundu.

BINTI: Unanifundisha hayo wewe? Wazee wa soko hili si ndio wanaokukabidhi simu na kukutajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima ikisikia?

EJENTI: Wanafanya hivyo, na sheria ya kazi yangu hainiruhusu kuzijua. Nikikataa, mzee anakwenda duka la pili. Ninachokiona ni kwamba hawafanyi hivyo kwa ujinga. Ni macho. Kabambe ina maandishi madogo, na ukiwa unatuma pesa lile jina la mpokeaji linatokea muda mfupi tu kabla hujathibitisha. Jina hilo ndilo lingewaokoa wengi. Unaambiwa unamtumia mwalimu wa zamu mwanamume, jina linalokuja ni la mwanamke. Mwenye macho anasimama hapo. Asiyeona anabonyeza.

MWALIMU: Mama huyu ana miwani?

MAMA: Ilivunjika.

MWALIMU: Tangu lini?

MAMA: Tangu matanga ya kaka yako.

MWALIMU: Hilo lingetangulia kikao chote hiki.

BINTI: Nitanunua miwani. Nitanunua na simu yenye maandishi makubwa. Lakini msinigeuzie jambo likawa la miwani. Alitoa namba ya siri kwa mdomo, hakuitoa kwa macho. Na hawa si watoto wanaobahatisha. Kule Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, polisi wamekuwa wakikamata watu mwaka baada ya mwaka kwa wizi wa laini, na ni mwendo wa gari wa saa chache tu kutoka hapa. Kamiti, ndani ya gereza, zimewahi kunaswa simu zilizotumika kulaghai walio nje. Watu hawa wanapiga simu kutwa kama mtu aliye kazini. Sheria ya uhalifu wa mitandao ipo tangu 2018, lakini mkora akishafungwa pesa yako hairudi. Mtu wa zaidi ya miaka 70 atashindana nao kwa lipi?

MAMA: Sasa ngoja nikwambie ninachokiogopa mimi, maana wewe umesema chako. Mkora wa simu simjui, hanijui. Alichukua akaenda. Lakini katika Gusii hii mzee amekuwa akiumizwa na wa nyumbani kuliko wa mbali. Oktoba 2021, Marani, kina mama wanne wazee waliuawa na umati kwa kuitwa wachawi. Wanaotetea haki za wazee wamesema tangu zamani kwamba nyuma ya maneno ya uchawi huku kwetu mara nyingi kuna shamba linalomezewa mate. Namjua mzee aliyempa mwanawe hati aihifadhi isiliwe na mchwa, akaja kuiona tena mikononi mwa mnunuzi. Mzee huanza kuondolewa kidogo kidogo. Leo simu, kwa kuwa haoni vizuri. Kesho kadi ya benki, kwa kuwa anasahau. Keshokutwa hati, kwa kuwa atakufa.

BINTI: Mama, umeniweka fungu moja na hao?

MAMA: Sijakuweka.

BINTI: Umeniweka. Nimekuja na gari la usiku kutoka Nairobi, nimeomba ruhusa kazini, nimekuja kulinda chako, unanisimulia habari za Marani.

MAMA: Wewe ni mtoto mwema. Ninachokuambia ni kwamba ukipewa wewe kwa wema, kaka yako atadai kwa usawa, na mke wa kaka yako atadai kwa kuwa ndiye aliye karibu. Mlango ukifunguliwa kwa mmoja haujui kuchagua. Nikishasema mbele ya watu kwamba siwezi kushika pesa yangu, neno hilo sitaweza kulirudisha mdomoni. Litatumiwa.

MWALIMU: Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, imeyaweka yote mawili pamoja. Inasema wazee waishi kwa heshima bila kudhulumiwa na washiriki kikamilifu katika maisha ya jamii, na hapo hapo inasema wapate matunzo na msaada wa familia na serikali. Binti ameshika neno la matunzo, mama yake ameshika neno la heshima, na hakuna aliyekosea. Lakini turudi kwa ile bodi ya ardhi, mwanangu, kwa sababu mfano huo ni mzuri kuliko ulivyoutumia. Bodi haichukui hati ya mzee ikaifungia kabatini mwake. Hati inabaki kwake. Inachofanya ni kumchelewesha, na kumwita mtu wa pili ashuhudie. Jambo lile halimalizwi siku moja, na halimalizwi na mtu mmoja.

EJENTI: Na ndicho kitu mkora asichokitaka, kucheleweshwa.

BINTI: Kwa hiyo mnapendekeza nini? Nimesikia nisichotakiwa kufanya.

MWALIMU: Bonasi isiingie kwenye simu kabisa. Ibaki katika Sacco, kwenye akaunti ya sahihi mbili, yake na ya mmoja wenu. Kwenye simu akae na za sukari, sabuni na dawa. Mkora akimpata, atapata za sukari.

MAMA: Sahihi ya pili iwe ya nani?

BINTI: Yangu.

MAMA: Iwe yako, na barua za akaunti zije nyumbani kwangu. Na siku nikitaka pesa ya kanisa usiniulize kwa nini.

BINTI: Nikiambiwa kuna nabii mpya anayeombea watu kwa simu, nitauliza.

MAMA: Sadaka ya Sabato ya kanisa ambalo babako alizikwa na watu wake. Hiyo usiulize.

BINTI: Hiyo sitauliza.

EJENTI: Kwenye simu yenyewe kuna mambo. Laini inaweza kufungwa isibadilishwe ovyo kwa ejenti, kwa kubonyeza *100*100#. Safaricom ikimpigia mteja hutumia 0722 000 000, tuihifadhi humu kwa jina analoweza kulitambua. Ujumbe wa utapeli unatumwa 333, bure. Pesa ikienda kwa mtu asiyefaa, ule ujumbe wa M-Pesa unapelekwa 456 upesi, kabla mwenzako hajaitoa. Akishaitoa, umechelewa. Kwa hiyo, dada, samahani nikisema hivi, kilichomgharimu Mama ni zile saa kati ya simu ya kwanza na ya pili. Angetoka dukani akakupigia, huenda hata zile elfu kumi na mbili zingezuiwa, na bonasi ingekuwepo mpaka leo. Hakukupigia.

BINTI: Kwa nini hukunipigia, Mama? Sema kweli mbele yao.

MAMA: Kwa sababu mwaka ule niliponunua dawa ya miguu kwa mchuuzi, ulinigombeza mbele ya watoto wako. Ulisema, huyu bibi yenu atatumaliza.

BINTI: Nilisema kwa mzaha.

MAMA: Watoto walicheka. Kwa hiyo nikaona heri nile hasara yangu kimya.

MWALIMU: Tulikuwa kwenye simu.

BINTI: Tuko kwenye simu, baba mdogo. Nimesikia. Lakini nami nina swali, na nataka nijibiwe, nisitulizwe. Leo Mama ana akili timamu, sawa. Itakuwaje siku akianza kusahau kweli? Siku atakapomwita mjukuu kwa jina la marehemu Baba na kutuma pesa kwa kila anayepiga? Mtaniambia tena habari za heshima?

MWALIMU: Sheria ya Afya ya Akili inaruhusu mahakama kumteua mtu wa kusimamia mali ya mgonjwa asiyeweza. Iliwekwa kwa ajili ya ugonjwa. Haikuwekwa kwa mtu aliyetapeliwa mara mbili.

BINTI: Mahakama. Wakati tunatafuta wakili na ripoti ya daktari, simu itakuwa imepigwa mara ngapi?

MAMA: Hilo nitalijibu mimi, kwa kuwa ni langu. Siku nitakaposhindwa kukumbuka njia ya kurudi kutoka kituo cha kununulia chai, simu mchukue. Siku nitakapouliza babako amekwenda wapi, mchukue na hati mfungie kwa shemeji. Liandikwe leo nikiwa na akili zangu, niweke kidole na kaka yako aweke sahihi. Asiseme baadaye kwamba lilitungwa Nairobi.

BINTI: Na atakayeamua kwamba siku hiyo imefika ni nani? Ukiwa umesahau, utakataa kwamba umesahau. Kila mgonjwa wa aina hiyo hukataa.

MWALIMU: Awe daktari.

BINTI: Daktari humwona kwa nusu saa. Mimi namsikia kila wiki.

MAMA: Wewe unanisikia kila wiki, lakini wewe ndiye uliyekuja leo ukitaka laini iwe kwa jina lako. Huwezi kuwa mdai na hakimu.

BINTI: Basi nani?

EJENTI: Mimi ninayemwona kila siku ya soko sitaki kazi hiyo.

MWALIMU: Tukubaliane juu ya jambo hilo kaka yako akiwepo. Leo hatuwezi kulimaliza bila yeye.

MAMA: Mwiteni aje Jumapili. Kwa Sacco nimekubali sahihi mbili, miwani nimekubali, na hiyo namba 456 mniandikie kwa kalamu nzito kwenye kadibodi niibandike ukutani. Namba ya siri nimeibadilisha jana na sikupi, binti yangu, hata ukilia. Nikipigiwa simu tena kuhusu mtoto nitakata kwanza, nikupigie, iwe mchana au usiku. Nawe ukipokea usinigombeze.

BINTI: Sitakugombeza. Lakini ile namba bado nitaidai Jumapili.